Mkeka Kwanza, Mashine Baadaye: Kuanza Kazi ya Ualimu wa Pilates Kariakoo

Hapa Dar es Salaam ukitaja Pilates, wengi wanawaza Masaki na Oysterbay: ukuta wa kioo, kiyoyozi, mashine za mbao zenye springi, na wateja wanaolipa kwa kadi ya benki. Kijana wa Ilala au Magomeni anayeitamani kazi hii huanza kwa kuulizia bei ya mashine, akaisikia, akavunjika moyo. Ushauri wangu ni aanzie pengine kabisa. Aanzie Kariakoo, juu ya mkeka, na aanze na watu wanaoumwa migongo.

Watu hao hawatafutwi kwa tochi. Saa mbili asubuhi pita Msimbazi, kata Mtaa wa Uhuru, ingia Kongo, na badala ya kuangalia bidhaa angalia miili. Mchukuzi ana robota la vitenge kichwani, shingo imekakamaa, mabega yamepanda. Fundi cherehani wa barazani amekunja mgongo wa juu, kidevu kimetangulia, macho hayatoki kwenye sindano. Muuza duka amesimama tangu alfajiri, ameegemea nyonga moja, kiuno kimeingia ndani. Mama ntilie anainama kwenye jiko la mkaa, ananyanyuka na sufuria, anainama tena. Ukiwauliza, wote watakuambia kiuno kinauma. Lakini viuno hivyo havifanani, na mwalimu anayewapa wote zoezi moja atamsaidia mmoja na kumuumiza mwingine.

Hapo ndipo kazi yako ilipo. Pilates ni mazoezi ya polepole yanayofuata pumzi, yanayolenga misuli ya ndani ya tumbo, mgongo na nyonga, na yanayomtaka mtu ajue kila wakati mwili wake uko wapi. Mchukuzi ana nguvu kuliko mimi na wewe. Anachokosa ni kuzigawa nguvu hizo mwilini bila shingo kubeba deni lote. Fundi naye hana haja ya kuruka wala kunyanyua chuma. Anahitaji kifua kifunguke na mgongo wa juu ukumbuke kunyooka. Jimu nyingi za mjini hazina muda na mambo haya, kwa hiyo uwanja uko wazi.

Aliyeyatunga mazoezi haya, Joseph Pilates, alizaliwa Mönchengladbach, Ujerumani, mwaka 1883, na utotoni alikuwa mgonjwa mgonjwa. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Uingereza, akawekwa kizuizini kama Wajerumani wenzake, baadaye kwenye Kisiwa cha Man, na huko akawa anawafundisha mahabusu wenzake mazoezi. Vita hiyohiyo ndiyo iliyoleta kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza mahali palipo Kariakoo leo. Miaka ya 1920 Joseph Pilates alihamia New York, akafungua studio na mkewe Clara, na mwaka 1945 akatoa kitabu chenye mazoezi 34, yote ya sakafuni. Nayataja haya kwa sababu utakutana na mtu atakayekuambia kwamba Pilates ya mkeka ni ya kubahatisha, ya wasio na hela. Mwambie mwenye fani mwenyewe aliandika kitabu kizima ambacho mtu akiwa na sakafu tu anaweza kukifuata.

Kuna mtu mwingine wa kumjua. Kathy Grant alikuwa mcheza dansi Mmarekani Mweusi aliyeumia goti na kwenda kwa Joseph Pilates kutafuta nafuu. Yeye na Lolita San Miguel ndio wanaojulikana kupewa vyeti vya ualimu chini ya Joseph Pilates mwenyewe, kupitia mpango wa serikali ya jimbo la New York wa kuwapa watu ujuzi wa kazi. Baadaye Kathy akafundisha wacheza dansi wa Chuo Kikuu cha New York kwa miaka mingi, hadi uzeeni. Wanawake hawa walianza wakiwa wagonjwa, wakawa wanafunzi, wakawa walimu. Ngazi hiyo bado inafaa: fanya mazoezi kwenye mwili wako mwenyewe kwa muda wa kutosha kabla hujagusa mwili wa mwenzio.

Mwaka 2000 mahakama moja ya New York iliamua kwamba jina Pilates ni la aina ya mazoezi, si mali ya kampuni yoyote. Maana yake kwako ni mbili. Huna wa kumlipa ili uandike neno hilo kwenye bango lako. Na yeyote yule naye anaweza kuliandika, hata aliyejifunza juzi kwenye simu. Mteja wa Kariakoo hana namna ya kuwatofautisha ila kwa mafunzo utakayomwonyesha na kwa hali ya mgongo wake wiki zinavyokwenda.

Kuhusu mafunzo. Shule kubwa za nje, kama vile STOTT ya Toronto, Balanced Body ya California, na BASI aliyoianzisha Rael Isacowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini, zinafundisha kwa hatua: mkeka kwanza, halafu mashine moja moja. Mafunzo kamili ya mkeka na mashine zote huhesabiwa kwa saa zipatazo 450, zikiwemo za kujifunza, za kutazama, za kujizoeza na za kufundisha chini ya uangalizi. Usianze na hayo yote. Chukua hatua ya mkeka peke yake, ambayo sehemu kubwa yake siku hizi inasomeka kwa intaneti, na kabla hujatuma senti moja waulize mambo matatu: kuna mwalimu atakayenitazama nikifundisha, iwe ana kwa ana au kwa video? Mnahesabu saa zangu za kufundisha watu wa kweli? Kuna mtihani wa vitendo? Shule ikijibu hapana mara tatu, inakuuzia karatasi.

Elimu ya mwili itafute hapahapa nchini. Fiziotherapia inafundishwa KCMC Moshi tangu zamani, na wahitimu wake wako Muhimbili, MOI, Amana na kwenye zahanati za mjini. Tafuta mmoja, mwamkie kwa heshima, muombe akueleze uti wa mgongo kwa nusu saa kila wiki, na umlipe muda wake. Mtu huyo atakuwa rafiki wa kazi yako kwa miaka: wewe utampelekea wagonjwa unaowaona wamezidi uwezo wako, yeye atakuletea waliopona wanaohitaji kuendelea na mazoezi. Katika yote ninayoyaandika hapa, sijui jambo lenye faida kubwa kuliko urafiki huu.

Nairobi kuna mfano wa kuangalia. Africa Yoga Project, iliyoanza mwaka 2007, imewafundisha ualimu wa yoga vijana wengi wa mitaa ya kipato cha chini, kisha ikawapeleka kufundisha mashuleni, magerezani na kwenye vituo vya jamii. Yoga si Pilates, lakini njia ni ile ile: mwalimu anakomaa kwa kufundisha watu wengi, wa kila aina, katika vyumba visivyo na anasa. Huku kwetu hakuna taasisi itakayokupangia watu hao. Utajipangia. Chagua watu watatu wenye miili tofauti, mathalani mama yako mdogo, fundi cherehani na dereva wa bodaboda, uwafundishe bure mara mbili kwa wiki, miezi miwili au mitatu. Kila baada ya kipindi andika daftarini: alifanya nini, kipi kilimuuma, wiki hii amelalaje. Daftari hilo ndilo shule ya pili.

Sasa tufundishe kidogo, maana maneno matupu hayamnyooshi mtu. Mchukue yule fundi cherehani. Mlaze chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini, miguu imeachana upana wa nyonga. Tazama kidevu chake. Kama kimeelekea dari, mgongo wake wa juu umekunjika kiasi kwamba kichwa hakifiki chini vizuri, basi kunja khanga mara nne uiweke chini ya kichwa. Mwambie aweke viganja pembeni mwa mbavu. "Vuta pumzi kwa pua, sukuma viganja kwa mbavu. Toa kwa mdomo, mbavu zirudi." Usiongeze neno. Mwache apumue mara nane, kumi. Wengi wanapumua kwa mabega, na dakika tatu za kwanza ni za kuyashusha tu.

Halafu nyonga. "Bonyeza kiuno kiguse mkeka. Sasa kiachie, kinyanyuke kidogo. Bonyeza tena." Akishazijua ncha mbili, mwambie atulie katikati. Hapo katikati ndipo atakaporudi kila mara. "Toa pumzi, nyanyua mguu mmoja, goti libaki limekunjwa. Kiuno kisitikisike." Weka jicho kwenye kiuno, usiangalie mguu. Kikitikisika, mguu umepanda zaidi ya uwezo wake. Mwambie aushushe nusu. Kisha daraja: makalio yanapanda, pingili moja moja zinaachia mkeka, na kushuka vivyo hivyo, kuanzia juu. Mgeuze kifudifudi, paji la uso juu ya mikono, anyanyue kifua kidole kimoja tu kutoka chini huku shingo ikiwa ndefu. Kwa fundi, hiki ndicho kipande chenye tija kuliko vyote, kwa kuwa siku nzima kazi yake inamvuta kuelekea upande mwingine.

Lile zoezi maarufu la Mia, ambalo mikono inapigapiga hewani mara 100 huku kichwa na miguu vimenyanyuliwa, pumzi ikiingia kwa hesabu ya tano na kutoka kwa tano, usimpe mwezi wa kwanza kama lilivyo. Mpe kichwa kikiwa chini, magoti yamekunjwa, mizunguko mitatu, yaani mapigo 30. Shingo ya mtu wa Kariakoo tayari imechoka. Ukimnyanyulisha kichwa siku ya kwanza, atarudi nyumbani na maumivu mapya, na jirani zake wote watajua yametoka wapi.

Sauti yako ni chombo. Toa agizo moja, nyamaza, tazama, ndipo utoe lingine. Andaa maagizo yako yote kwa Kiswahili cha watu wanaokulipa, uyajaribu kwa mtu ambaye hajawahi kusikia habari za mazoezi haya. Sehemu nyeti zitaje kwa adabu na bila kuzungukazunguka. Misuli ya chini ya nyonga, kwa mfano, mwanamke anaelewa papo hapo ukimwambia abane kama anayezuia haja ndogo. Na usifanye mazoezi pamoja na darasa mwanzo hadi mwisho. Onyesha mara moja, inuka, zunguka. Mwalimu aliyelala chali haoni kiuno cha mtu yeyote, na akifundisha vipindi vinne kwa siku namna hiyo mwili wake hautafika mwaka.

Mipaka. Wewe si daktari, na hutakiwi kuvaa wala kuitikia jina hilo hata mteja akikuita kwa mapenzi. Kabla ya kipindi cha kwanza kaa na mtu, muulize faraghani na uandike: ana presha? Ana mimba? Amejifungua lini, kwa njia gani? Aliwahi kuanguka? Maumivu yanashuka mguuni? Kuna majibu yanayomaanisha hakuna mazoezi leo, nenda hospitali: ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia haja, mguu unaozidi kupoteza nguvu, maumivu makali yasiyotulia hata akilala, au mgongo unaouma pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda. Hilo la mwisho lichukulie kwa uzito, kwa sababu kifua kikuu kinaweza kushambulia uti wa mgongo na mgonjwa akahangaika na dawa za kuchua kwa miezi. Aliyejifungua kwa upasuaji asianze mpaka daktari amruhusu. Mjamzito, mimba ikishakua, asilazwe chali muda mrefu. Mwenye presha asibane pumzi. Mtu mzima mwenye mifupa dhaifu usimkunje mbele kwa nguvu. Haya yaandike kwenye karatasi moja ya Kiswahili, mteja asome, aulize, asaini.

Na usiahidi usichoweza. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2015 yalionyesha kwamba kwa maumivu ya kiuno, Pilates inasaidia kuliko kukaa bila tiba ya maana, lakini hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba inayapita mazoezi mengine. Basi sema hivyo. Wengi watakuja kwa ajili ya kitambi, hasa wanaoolewa na wanaojiandaa na kitchen party ya mdogo wao. Waambie ukweli kwamba mkeka utawanyoosha na kuwakaza, ila kitambi kinataka chakula kiangaliwe na miguu itembee. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mwendo wa wastani kila wiki, na siku mbili za mazoezi ya nguvu. Pilates inaingia kwenye hizo siku mbili. Dakika 150 azitafute kwa kutembea.

Wateja wa kwanza wako tayari wamejikusanya, wewe uwafuate. Vikundi vya jogging vya uswahilini, vile vyenye fulana za rangi moja vinavyoimba barabarani Jumamosi na Jumapili alfajiri, ni hazina. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alipozindua kampeni ya kupambana na magonjwa yasiyoambukiza na kuhimiza mazoezi Jumamosi ya pili ya kila mwezi, vikundi hivi vilipata msukumo mpya. Nenda kwa mwenyekiti wa kikundi, jitambulishe, omba dakika 15 baada ya mbio. Nyonga na nyuma ya mapaja ya watu hao vimebana, na ukivifungua mbele ya watu 40 umeshajitangaza. Vikoba ni mlango mwingine. Akina mama wanaokutana kila wiki kuweka na kukopa wanajuana kwa shida na raha; mmoja akikusifu, wengine wanakuja na hela mkononi. Ofisi za Posta na mabenki ya Samora na Sokoine usizisahau pia, japo hizo zitataka barua, risiti na uvumilivu.

Darasa la wanawake peke yao si nyongeza, ni nguzo. Ilala, Upanga, Kisutu na Gerezani, wanawake wengi hawatalala kifudifudi mbele ya mwanaume asiye wao, na hawapaswi kulazimika. Weka pazia zito, funga mlango, na simu zote ziwekwe kwenye kapu mlangoni, yako ikiwemo. Picha za kutangaza jipige mwenyewe. Dera ni zuri lakini linaficha nyonga, kwa hiyo waombe waje na suruali pana na fulana, na mtandio ukae kichwani bila pini zenye ncha. Kama wewe ni mwanaume, tafuta msaidizi wa kike tangu siku ya kwanza, na mguso wowote uombwe kwanza, kila mara, hata kwa mteja uliyemfundisha miaka mitatu.

Saa za Kariakoo zisome vizuri. Wenye maduka wanapatikana saa 12 asubuhi kabla hawajafungua, au hawapatikani. Akina mama wa Upanga na Kisutu wako huru saa tatu na nusu, watoto wakishafika shule. Saa 11 jioni mitaa imefurika na hakuna atakayekufikia kwa wakati. Tangu biashara ya saa 24 ilipozinduliwa Kariakoo mwaka 2025, kuna wauzaji wanaofanya kazi usiku na kulala mchana, na hao wanataka kipindi cha asubuhi cha kuwatuliza, chenye pumzi nyingi na nguvu kidogo. Ijumaa mchana acha. Mwezi wa Ramadhani vunja ratiba uipange upya: kipindi kifupi na laini kabla ya futari kwa wanaotaka, au usiku baada ya tarawehe. Na masika, bonde la Jangwani likijaa maji na barabara ikafungwa, wateja wa Magomeni na Mwananyamala hawatavuka; waandikie mapema kwamba kipindi kimehamishwa, usiwakate hela.

Mahali pa kufundishia. Ukumbi wa shule baada ya masomo, chumba cha madrasa kisichotumika asubuhi, ghorofa ya kwanza iliyo wazi juu ya duka la mtu mnayefahamiana, vyote vinafaa. Sakafu iwe tambarare, hewa ipite, feni iwepo, choo kiwe safi. Jengo lenyewe likague. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka hapahapa Kariakoo na kuua watu. Ukiona chini wanachimba au wanavunja ukuta, usiwalaze watu juu, hata kama kodi imekushawishi.

Kodi ndiyo inayoua madarasa machanga, basi tuihesabu. Tuseme unatoza shilingi 5,000 kwa kipindi, vipindi vinne kwa wiki, nafasi nane. Darasa likijaa wiki inaingiza 160,000. Ukumbi ukidai 12,000 kwa kipindi ni 48,000, unabaki na 112,000. Lakini darasa changa halijai. Wakija watano kwa wastani inaingia 100,000, ukumbi unachukua 48,000 yake ileile, unabaki na 52,000 kabla ya nauli na bando. Wiki ya mvua wakija watatu, inaingia 60,000 na wewe unaondoka na 12,000. Sasa mwendee mwenye ukumbi na pendekezo jingine: achukue asilimia 30 ya makusanyo. Darasa likijaa anapata 48,000 ileile. Wakija watatu anapata 18,000, na wewe 42,000 inakuvusha wiki. Mpe daftari la mahudhurio alione kila Ijumaa. Wenye vyumba wengi hapa mjini ni wafanyabiashara, wanaelewa haraka mtu akiwawekea hesabu mezani.

Kwa wateja, usidai ada ya mwezi. Kipato cha sokoni ni cha siku, na 40,000 kwa mkupuo inauma kuliko 5,000 mara nane. Tengeneza kadi ya karatasi ya vipindi vinane inayodumu wiki sita, ilipwe kwa mikupuo miwili, na atakayelipa kipindi kimoja kimoja apokelewe vilevile. Tumia lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la kazi, ili hela ya darasa isichanganyikane na ya nyumbani. Wachukuzi watenge: kipindi kimoja kwa wiki cha bei ya chini kabisa, saa wanayopumzika, nusu saa tu, shingo na nyonga. Hakitakutajirisha. Kitakufundisha mengi kuhusu miili inayofanya kazi, na nina hakika hakuna mtu mjini anayekihitaji zaidi yao.

Vifaa ni vichache. Mkeka wa yoga wa milimita nne ni mwembamba kwa mazoezi ya kubiringisha mgongo sakafuni; tafuta wa milimita kumi au zaidi, ununue kwa jumla palepale Kariakoo. Kila mteja aje na khanga yake ya kutandika juu, na jioni mikeka ifutwe kwa sabuni. Mipira ya kuvuta, mpira mdogo laini, fimbo ya fagio ya kunyooshea mabega. Imetosha. Namba ya mlipakodi ichukue TRA, jina la biashara lisajili BRELA, kisha uende ofisi za Halmashauri ya Jiji kuulizia leseni inayokuhusu. Fanya hayo mapema, maana ofisi za Posta hazitakulipa bila risiti.

Mashine itakuja. Ukishakuwa na watu 20 wasiokosa na mafunzo ya mashine yenyewe, ndipo ufikirie rifoma moja, yaani ile mashine ya mbao yenye springi, ya mkono wa pili ikibidi. Mafundi wa Keko wanaweza kukutengenezea fremu ya mbao nzuri kuliko nyingi za kuagiza, ukiwapelekea vipimo sahihi. Springi usimpe fundi yeyote abuni. Springi ya geti haina uzito unaojulikana, na ikikatika mtu akiwa ameinyoosha inamrudia usoni. Agiza zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, andika tarehe ya kuzifunga, zikague kila wiki, na uzibadilishe kwa muda aliouweka mtengenezaji hata kama zinaonekana nzima.

Kabla ya yote hayo utahitaji msaidizi, kwa sababu nane wakigeuka 12 jicho moja halitoshi. Mtafute miongoni mwa wanafunzi wako, yule anayeuliza kwa nini. Mwanzo azunguke tu na kusahihisha magoti. Baadaye afundishe pumzi za mwanzo, halafu nusu ya kipindi wewe ukiwa nyuma ya chumba na daftari. Mlipe tangu siku ya kwanza, kwa kipindi, siku hiyohiyo, na umchangie ada ya mafunzo ya mkeka kwa makubaliano ya maandishi. Akishapata cheti mpe darasa lake la asubuhi, kwa asilimia mliyokubaliana na kwa jina lake mlangoni.